Kisu, Mvuke au Mtambo: Nani Abebe Gharama ya Kumfungua Chaza?

Tangu Zanzibar ilipounda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, chaza ameanza kutajwa katika mipango na mikutano ambako zamani hakuwa na nafasi. Kila anayemtaja anamtakia jambo lake. Wapo wanaosema kumfungua kwa mkono ni kazi ya kizamani, inakata watu vidole na kuwalipa kidogo, hivyo mashine ije. Wapo wanaojibu kwamba mkono ndio ajira yenyewe, na ukiuondoa umewaondoa wanawake wa pwani. Wengine wanashauri auzwe mzima ndani ya gamba, kazi ya kumfungua abaki nayo mnunuzi. Na wapo wanaosisitiza kwamba asitoke kijijini kabla ya kupita motoni, kwa sababu ya maradhi.

Hoja hizi nne hutolewa katika kikao kimoja kana kwamba zinajibu swali moja. Anayetetea mashine mara nyingi anazungumzia usalama wa mlaji. Anayetetea mkono anazungumzia kipato. Anayetaka chaza mzima anafikiria bei ya hotelini, na anayetaka moto anafikiria soko la mtaani. Ndiyo maana wanabishana kwa muda mrefu bila kukutana. Ninachokiona mimi ni kwamba ubishi juu ya chombo umefunika swali lililo zito zaidi: saa za kazi, majeraha, kuni na magamba yanayobaki ni gharama, na gharama hiyo lazima ibebwe na mtu. Kila njia ya kumfungua chaza inamtwika mtu tofauti. Kabla ya kuchagua njia, ni vyema tujue nani anatwikwa.

Msuli unaobishaniwa

Chaza ana magamba mawili. La chini lina kina, nalo ndilo hushika mwamba au mzizi wa mkoko. La juu ni bapa. Kwa nyuma yameungana kwenye bawaba yenye unyumbufu ambayo muda wote inayasukuma yaachane. Kinachoyazuia ni msuli mmoja mnene ulio ndani ya mwili. Chaza akiwa hai huukaza, gamba likafunga kabisa. Akifa msuli hulegea, bawaba hushinda, gamba likaachama lenyewe. Kwa sababu hiyo mnunuzi mzoefu humgonga chaza aliyeachama: akijifunga ni mzima, asipojifunga hutupwa. Kombe wengi wana misuli miwili badala ya mmoja, lakini mambo huenda vivyo hivyo.

Kwa hiyo kumfungua chaza ni kuushinda msuli huo, na zipo njia tatu. Unaweza kuukata kwa kisu, unaweza kuulegeza kwa joto, au unaweza kuukandamiza kwa shinikizo kubwa mpaka protini zake zipoteze nguvu ya kushika. Ya nne, kubanja gamba kwa jiwe, inauacha msuli na kuvunja ukuta. Ni ya haraka, lakini vipande vya gamba huingia kwenye nyama.

Chaza wa mwambani na mikokoni wa pwani yetu ana ugumu wake wa ziada. Ukingo wa gamba lake ni wa meno yanayoingiliana, na gamba la chini limeganda mwambani. Ndiyo maana mara nyingi hufunguliwa palepale, maji yakiwa yamekupwa wakati wa bamvua: gamba la juu hung'olewa, nyama huchokolewa, la chini hubaki mwambani. Ni kazi ya kuinama juani kwa saa chache, mpaka maji yaanze kujaa. Muda huo ndio mtaji wa mfunguaji, na hauongezeki hata akitaka.

Kuna pia kufungua kusikoua, na mjadala huwa unakusahau. Huko Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja, wanawake walijifunza katika miaka ya 2000 kufuga lulu nusu kwa msaada wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake. Chaza wa lulu huachwa alegee, akaachama kidogo, kisha hutiwa kigingi kidogo ili asijifunge, na punje ya kuanzishia lulu hubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa gamba. Msuli ukikatwa, kazi yote imepotea. Mkono unaofanya hivyo una ufundi wa hali ya juu, na bado kwenye mipango mingi huandikwa kama mkono wa kibarua yeyote.

Jinsi kazi hii ilivyozoea kulipwa vibaya

Malipo duni ya mfunguaji yana historia, na historia hiyo inaonyesha kwamba hayakutokana na asili ya kazi.

Katika ghuba ya Chesapeake, Marekani, reli na kiwanda cha kusindika vilimgeuza chaza kuwa biashara kubwa katika karne ya 19. Katikati ya miaka ya 1880 jimbo la Maryland pekee lilivuna takriban busheli milioni 15 kwa msimu mmoja. Sehemu kubwa ya chaza hao ilifunguliwa kwa mkono. Mji wa Crisfield ulipanuka hadi baharini juu ya magamba yaliyotupwa na mabanda ya kufungulia. Wafunguaji wengi walikuwa Wamarekani Weusi, na malipo yao yalikuwa kwa galoni: nyama ikijaa kipimo unalipwa, isipojaa hulipwi. Mwenye banda hakuwa na sababu ya kujali kama chaza wa siku hiyo ni wadogo, wamejaa tope au gamba lao ni gumu. Hasara hiyo ilikuwa ya mfunguaji.

Malipo ya kipimo yalikuwa na tokeo jingine, baya zaidi. Mama anayelipwa kwa kipimo hujaza haraka zaidi akisaidiwa na mtoto. Mpiga picha Lewis Hine, akifanya kazi kwa ajili ya kamati ya taifa ya kupinga ajira ya watoto, alipiga picha mwaka 1911 katika viwanda vya Mississippi, Louisiana na South Carolina. Alikuta watoto wa miaka mitano, na hata wa minne, wakifungua chaza kando ya mama zao tangu kabla ya alfajiri. Wengi walitoka katika familia za Wapolandi zilizosafirishwa kutoka Baltimore kila majira ya baridi. Sheria ya kwanza ya shirikisho dhidi ya kazi za namna hiyo, ya mwaka 1916, ilibatilishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1918. Ulinzi wa kudumu ulikuja mwaka 1938. Kwa miaka yote hiyo kisu kilikuwa kilekile. Kilichowaingiza watoto bandani ni namna ya kulipa, na sheria ndiyo iliyowatoa.

Upande wetu wa bahari tuna mfano wa zamani zaidi. Katika Ghuba ya Uajemi, majahazi ya lulu yalitoka kila kiangazi, na miongoni mwa wapiga mbizi na wavuta kamba walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki, pamoja na vizazi vyao. Chaza walirundikwa sitahani na kufunguliwa kwa pamoja, mbele ya macho ya nahodha, ili lulu isifichwe. Mabaharia walilipwa kwa mgao baada ya kukatwa madeni, na deni liliweza kumfuata mtu msimu hadi msimu. Biashara hiyo ilivunjika mnamo 1930, lulu za kufugwa kutoka Japani na mdororo wa uchumi wa dunia vilipokuja kwa pamoja. Nyuma ya mikono yote iliyofungua magamba hayo hakukuwa na mfunguaji aliyemiliki kilichokuwa ndani.

Mifano hii ni ya mbali kwa miaka na kwa mahali, lakini inafundisha jambo moja kuhusu mpango wowote wa leo: tusiishie kuuliza chombo gani kitatumika. Tuulize pia kipimo cha malipo ni kipi, na chaza ni wa nani anapofunguliwa.

Hoja ya kisu

Nguvu kubwa ya kisu ni kwamba humfikisha chaza hai kwa mlaji. Maji yake ya chumvi hubaki ndani ya gamba, nyama haikunjamani, na mlaji anaona kwa macho kwamba alikuwa mzima. Katika masoko yanayolipa vizuri zaidi duniani, chaza huliwa hivyo. Ufaransa wana fundi maalumu anayesimama mbele ya mkahawa akifungua chaza kwa oda, na kazi yake inaheshimiwa kama ya mpishi. Galway, Ireland, kuna tamasha la chaza tangu mwaka 1954, na katika mashindano yake mshindani hufungua chaza 30. Walio bora humaliza kwa dakika tatu hivi, au chini ya hapo. Lakini saa haitoshi kumpa mtu ushindi. Nyama iliyochanwa, chembe ya gamba au tone la damu humwongezea sekunde za adhabu. Waamuzi wanajua kile ambacho wenye mabanda ya zamani hawakutaka kukilipia, yaani usafi wa kazi.

Nguvu ya pili ni mtaji. Kisu kifupi chenye makali butu na ncha imara, kitambaa kinene, na mafunzo ya siku chache vinatosha kuanza. Umeme hauhitajiki, wala vipuri vya kusubiri kutoka ng'ambo.

Udhaifu wake uko mwilini mwa mfunguaji. Kisu kikiteleza, ncha huingia kwenye kiganja cha mkono ulioshika chaza, mara nyingi chini ya kidole gumba, mahali penye mishipa na kano za vidole. Huko Ufaransa, ambako watu wengi hufungua chaza wenyewe nyumbani wakati wa Krismasi na mwaka mpya, madaktari wa upasuaji wa mikono huona majeraha hayo kila mwaka. Kwa mtu anayefanya kazi hiyo kila bamvua, tena kwa kisu cha jikoni au kipande cha nondo, hatari ni kubwa zaidi. Maji ya joto ya bahari hubeba bakteria wa jamii ya Vibrio, ambamo yumo pia yule wa kipindupindu. Baadhi yao huingia mwilini kupitia jeraha, na kwa mwenye ugonjwa wa ini au kisukari wanaweza kuua. Pepopunda nayo ipo kwenye tope na vyuma vyenye kutu. Glavu ya kuzuia kisu ingepunguza sehemu kubwa ya majeraha haya. Haivaliwi kwa sababu anayelipwa kwa kopo hana wa kumnunulia, na kwa sababu inampunguzia kasi.

Hapo ndipo watetezi wa mkono wanapojikwaa. Wanausifu ufundi, lakini bei wanayoikubali ni ya kibarua. Ukiitwa ufundi, basi uwe na bei ya ufundi. Na kama hakuna anayetaka kuilipa, tukubali kwamba ajira tunayoitetea inalipiwa kwa viganja vya wanawake.

Hoja ya moto

Wanaotetea kuchemsha au kufukiza wana mfano mzuri barani kwetu. Nchini Gambia, wanawake wa vijiji vinavyozunguka kinamasi cha mikoko cha Tanbi waliungana mwaka 2007 chini ya chama kiitwacho TRY, kilichoanzishwa na Fatou Janha Mboob. Wao huenda kwa mitumbwi kukata chaza kwenye mizizi ya mikoko, huwapasha moto mpaka waachame, kisha huchokoa nyama kwa kisu kidogo. Magamba hurundikwa na kuchomwa chokaa. Mwaka 2012 serikali iliwapa wanawake hao haki ya pekee ya kuvuna chaza na kombe wa Tanbi, na mwaka huohuo chama kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wao wenyewe walikubali kurefusha msimu wa kufunga uvunaji.

Faida za moto zinaonekana. Kisu hakihitaji tena nguvu, kwa hiyo jeraha hupungua sana. Mtu mmoja hufungua kiasi kikubwa zaidi kwa saa. Joto la kutosha huua bakteria na virusi vingi, na nyama iliyopikwa, ikikaushwa au kufukizwa moshi, hukaa muda mrefu bila barafu. Kwa soko ambalo watu hula chaza ndani ya mchuzi wa nazi au waliokaangwa, hakuna kinachopotea mezani.

Hasara zake hazionekani mara moja. Kwanza ni kuni. Mkoko huwaka vizuri na uko karibu. Ukigeuka kuwa kuni za kuchemshia chaza, unachoma makazi ya chaza wa kesho. Pili ni bei: chaza aliyepikwa hawezi kuingia kwenye soko la wanaolipa kwa kila mmoja. Tatu, na hili halisemwi vya kutosha, moto hauondoi kila kitu. Sumu za baadhi ya mimea midogo ya baharini anazozikusanya chaza anapochuja maji hazivunjwi na chungu cha nyumbani, na metali nzito hazivunjwi kabisa. Chaza mkubwa mmoja katika hali nzuri anaweza kuchuja hadi lita 190 za maji kwa siku. Ukimvuna karibu na bomba la maji taka, umemvuna pamoja na yale aliyoyachuja. Kwa hiyo anayesema "tuwachemshe tu, basi" amejibu nusu ya swali la afya.

Hoja ya mtambo

Mtambo wa shinikizo ulianza kutumika kwa chaza mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Houma, Louisiana. Chaza hupangwa ndani ya chombo cha chuma kilichojaa maji, na shinikizo hupandishwa hadi zaidi ya mara 2,000 ya lile la hewa tunayoishi ndani yake. Ndani ya dakika chache msuli huachia gamba. Kwa anayetaka kumuuza kwenye gamba, mkanda hufungwa kabla ili lisiachame. Chaza hufa, lakini nyama hubaki mbichi kwa sura na karibu kwa ladha, na bakteria wa Vibrio hupungua mno.

Hoja ya afya hapa ina uzito wa kweli. California ilipiga marufuku mwaka 2003 kuuza chaza wabichi wa Ghuba ya Meksiko waliovunwa miezi ya joto, isipokuwa wamepitishwa katika njia ya kuua bakteria hao. Kati ya 1991 na 2001 watu 40 walikuwa wamekufa katika jimbo hilo kwa maambukizi hayo. Baada ya marufuku, vifo vilishuka hadi sifuri kwa miaka iliyofuata. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikikadiria vifo 15 hivi kwa mwaka nchini kote, ilitangaza kwamba itataka utaratibu kama huo kwa Ghuba nzima. Wavunaji na wanasiasa wa Louisiana na Florida walipinga vikali: gharama ingeua wenye mabanda madogo, na waliowahi kununua mtambo wangebaki na soko. Ndani ya wiki chache mpango ukasitishwa.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Vifo vilikuwa vya kweli, na wenye mabanda madogo wangekufa kibiashara kweli. Mtambo hugharimu mamia ya maelfu ya dola na kuendelea. Unataka umeme usiokatika, fundi wake mwenyewe, na zaidi ya yote unataka chaza wengi kila siku ili kurudisha fedha. Sharti hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kwa pwani yetu. Mkono hufuata kasi ya bamvua, lakini mtambo una ratiba ya mkopo, na ratiba hiyo haijui maji mafu wala kusi.

Wamarekani wenyewe wamelijua hili katika uvuvi mwingine. Meli kubwa za New Bedford, Massachusetts, huvua aina ya kombe wa Atlantiki ambaye huliwa msuli wake tu, na mabaharia humfungua kwa kisu palepale melini, usiku na mchana. Tangu miaka ya 1990 kanuni zinaweka kikomo cha watu, kwa kawaida saba, kwa meli nyingi kati ya hizo, na meli inayofungua baharini hairuhusiwi kuwa na mashine ya kufungulia. Mashine ilikuwa inawezekana, ila serikali iliona kwamba mikono ya watu saba ina kikomo, na kikomo hicho kinamlinda kombe. Pamoja na maeneo yaliyofungwa kwa zamu na nyavu zenye matundu makubwa zaidi, uvuvi huo uliokuwa umedhoofika ulirudi kuwa miongoni mwa wenye thamani kubwa zaidi nchini humo.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa makusudi. Kwetu mkono huitwa pingamizi la uzalishaji. New Bedford wameutungia sheria ili ubaki kuwa pingamizi.

Hoja ya kutomfungua

Hoja ya nne ni ya kumuuza chaza hai, akiwa amefungwa, na kumwachia mpishi wa hoteli kisu. Mvunaji anaokoa muda na vidole, na bei kwa kila chaza hupanda. Kwa chaza anayefugwa kwenye vyandarua au vikapu, ambaye hajaganda mwambani, ni rahisi kufanya hivyo. Taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, ilijaribu ufugaji wa chaza wa mikoko Gazi miongo kadhaa iliyopita, na kwamba chaza huyo anafugika katika maji yetu si jambo jipya.

Lakini chaza hai ni ahadi kwamba maji aliyotoka ni safi, na ahadi hiyo haiwezi kutolewa kwa macho. Umoja wa Ulaya hugawa maeneo ya kuvunia kwa madaraja, kwa kupima bakteria wa E. coli katika nyama. Kiwango cha msingi cha daraja A, ambalo chaza wake huliwa moja kwa moja, ni 230 katika gramu 100. Wa daraja B lazima wasafishwe kwanza katika maji safi au wapikwe. Bila upimaji wa namna hiyo, hoteli inayouza chaza mbichi wa kwetu inabahatisha na afya ya mgeni wake, na akiugua mgeni mmoja kijiji kizima hupoteza soko.

Kuna pia suala la gamba, ambalo naliona limedharauliwa. Vichanga vya chaza huelea majini kwa wiki kadhaa kisha hutafuta mahali pagumu pa kujibandika, na hapana wanapopapenda kuliko gamba la chaza mwingine. Anayefungulia mwambani huacha gamba la chini mahali pake. Anayefungulia kijijini anaweza kulirudisha au kulichoma chokaa. Anayeuza chaza mzima hulipeleka gamba kwenye jaa la hoteli, na kila gunia linalotoka ni nafasi ya kuzaliana iliyotoka nalo. Ukitazama bei pekee, kuuza mzima kunashinda, ila bei haikuhesabu gamba.

Kuzipima pamoja

Kwa soko la ndani, ambalo chaza na kombe huliwa wamepikwa, mvuke unashinda. Sioni sababu ya mwanamke kuhatarisha kiganja chake kwa nyama ambayo nusu saa baadaye itaingia kwenye sufuria. Sharti ni jiko linalookoa kuni, na kuni zisizotoka mikokoni. Watetezi wa mkono hawapotezi ajira hapa: kukusanya, kufukiza, kuchokoa na kukausha bado ni kazi ya watu, na yenye majeraha machache.

Kwa hoteli, kisu kina nafasi, lakini kihamie kwenye mwanga. Chaza atoke hai katika maji yaliyopimwa, na kumfungua kuwe kazi ya fundi mwenye ajira hotelini, mwenye glavu, kisu sahihi na chanjo ya pepopunda iliyolipiwa na mwajiri. Wanawake wa kijiji wanaojua mnyama huyu kuliko yeyote ndio wa kwanza kustahili mafunzo na nafasi hizo. Magamba yarudi kijijini kwa gari lilelile lililoleta chaza, na hilo liandikwe kwenye mkataba kama inavyoandikwa bei.

Mtambo nauweka nyuma, na sababu ni mpangilio wa hatua. Hatujui bado miamba yetu inaweza kutoa chaza wangapi kwa mwaka bila kupungua, na kuleta chombo kinachodai wingi kabla ya kujua wingi huo ni kujiwekea deni litakalolipwa na mwamba. Huko Fumba wanawake walitenga maeneo wasiyovuna, na Gambia haki ya kumiliki eneo ilikwenda sambamba na kurefusha msimu wa kufunga. Mtambo ukija baada ya hatua kama hizo, ukawa mali ya ushirika wa wavunaji wenyewe, nitabadili msimamo wangu.

Juu ya malipo, msimamo wangu ni mkali zaidi kuliko juu ya chombo. Bei ya kopo ianze kuhesabiwa kutoka kwenye saa: saa za kwenda na kurudi pwani, za kuvuna, za kufungua, kisha gawanya kwa makopo ya siku ya kawaida, hata ile ambayo chaza ni wadogo. Ushirika wowote unaweza kuifanya hesabu hiyo kwa daftari na kalamu katika bamvua chache, na ukienda nayo kwa mnunuzi, yeye ndiye atakayelazimika kueleza kwa nini saa ya mfunguaji ina thamani ndogo kuliko saa ya mtu mwingine yeyote katika safari ya chaza huyo hadi mezani.

Na kama Wizara inataka jambo moja la kuanza nalo, lisiwe ununuzi wa chombo chochote cha kufungulia. Ianze na upimaji wa maji wa kila mwezi katika maeneo ya kuvunia, matokeo yake yabandikwe kwenye ofisi ya shehia ambako mvunaji anaweza kuyasoma. Maji yakijulikana, kila kijiji kitajua kama chaza wake ni wa kisu au wa mvuke, na kitaingia kwenye mazungumzo ya bei kikiwa na karatasi ambayo mnunuzi hawezi kuibishia.